Mama kakutwa na saratani ya titi, nyumbani kila mtu kaamua isipokuwa yeye

Kitindamimba:

Wakuu habari zenu, naombeni mnivumilie maana naandika kichwa hakijatulia. Mama yangu ana miaka 61. Mwezi uliopita akioga kakuta kauvimbe titi la kushoto, upande wa kwapa, hakumwambia mtu. Mi nimejua kwa bahati tu, siku moja naingia namkuta anajipapasa juu ya gauni huku cherehani imesimama, na cherehani ya mama yangu haisimamagi mchana. Nikamkomalia mpaka akakubali kwenda hospitali. Wakampiga ultrasaundi na mammografia, wakachukua kinyama kwa sindano, baada ya wiki mbili majibu yakatoka: saratani.

Sasa tatizo si ugonjwa tu, tatizo ni sisi wenyewe. Tuko wanne. Kaka mkubwa kasoma ripoti kaona imeandikwa gredi 3, akapiga simu ukoo mzima kwamba mama yuko hatua ya tatu, watu wameshaanza kupiga simu kwa sauti za msibani. Dada yeye anataka titi likatwe, tena yote mawili, "tulale usingizi". Anayenifuata mimi kwa juu anasema mama asiambiwe kitu, aambiwe ni jipu linatolewa, maana ana presha. Halafu daktari naye kasema kuna njia mbili, kutoa uvimbe peke yake kisha mionzi au kutoa titi lote, na kasema zote ni sawa. Hapo ndo nilipochanganyikiwa kabisa, kukata kidogo na kukata kote kunakuwaje sawa?? Tena kasema tusubiri kipimo kingine kwa sababu HER2 imetoka 2+, kaka kawaka, anasema wanatupotezea muda wakati kitu kinakua.

Ripoti inasema uvimbe sentimita 2.3, ER chanya, PR chanya (hizo mbili ni vipokezi vya homoni kwenye seli), hiyo HER2 2+, gredi 3. Kwapani ultrasaundi haijaona kitu.

Na mama? Ukimuuliza anasema "amueni nyie wanangu, nyie ndo mmesoma", anarudi kushona. Anachojua ni uvimbe unaotakiwa kutolewa, neno lenyewe hakuna aliyelitamka mbele yake mpaka leo. Mliopitia hii, mzazi mlimwambiaje? Na mliamuaje?

MamaWawili:

Pole sana mdogo wangu, sijui kama ni mdogo wangu ila umeandika kama mdogo wangu.

Sie tulificha. Tulijiona wajanja, tukamwambia bimkubwa ni kauvimbe ka kawaida tunaenda kukaonyesha kwa bingwa. Tumeshuka kwenye gari, tumetembea ile korido ndefu, tumefika mlangoni kuna kibao kikubwa kimeandikwa KLINIKI YA SARATANI. Mama yangu anasoma vizuri tu. Kasimama, kakiangalia kile kibao, kaniangalia mimi, hakusema neno, akaingia akakaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Na kilichotugharimu zaidi kilikuja baadae, kuanzia siku ile kila kidonge anauliza "na hiki mnanificha nini", ukimwambia daktari kasema unaendelea vizuri anakuangalia usoni kwanza kama vile anakagua noti bandia. Miezi miwili hivyo.

Kwaiyo huyo ndugu yako wa jipu mwambie hospitali ina vibao, ina manesi, ina wagonjwa wenzake kwenye benchi watakaomuuliza "wewe ni la kulia au la kushoto". Atajua tu, swali ni atajua toka kwa nani.

Usianze na hotuba. Kaa naye mkiwa wawili tu, muulize "mama we mwenyewe unadhani hiki ni nini?" halafu nyamaza. Ngumu kweli kunyamaza ila nyamaza. Mara nyingi wanajua kitambo, mtu aliyejificha kujipapasa hakuwa anafikiria jipu. Akishasema ye mwenyewe kazi yako inabaki kumwambia ndio mama, na madaktari wana mpango.

Kingine chagueni mtu mmoja wa kuongea na daktari na daftari moja, DAFTARI MOJA, sio kila mtu na vipicha vyake vya ripoti kwenye simu.

Mizizi_na_Majani:

Msikimbilie kisu ndugu. Saratani ikiguswa na chuma inasambaa, hata hiyo sindano waliyomchoma tayari wameiamsha. Kuna watu wamepona kabisa bila kukatwa, tuwasiliane pembeni nikupe utaratibu, siku 21 tu.

Nesi wa Zamu:

Nimefanya kazi wodi ya saratani mwaka wa 11 huu, ngoja nianze na huyu wa juu yangu kisha nije kwako Kitindamimba.

Hiyo habari ya chuma naisikia kila wiki na najua inapotoka. Mtu anakaa na uvimbe nyumbani mwaka mzima anazunguka kwenye siku 21 za huyu na siku 40 za yule, anakuja kwetu titi limeshapasuka, ugonjwa uko kwenye ini, tunachukua kinyama leo, miezi mitatu baadae anafariki, nyumbani wanasema si mnaona, walipomchoma tu. Sindano inabebeshwa lawama za ule mwaka. Bila kinyama hakuna daktari anayeweza kujua ni saratani ya aina gani, na bila aina hakuna dawa. Mama akitaka kunywa majani yake anywe lakini AMWAMBIE daktari ni majani gani, maana kuna vitu vinagombana na dawa, hata vidonge vya hospitali vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe. Tamoksifeni kwa mfano, kidonge cha homoni cha saratani ya titi, inahitaji ini liibadilishe ndo ifanye kazi, sasa kuna baadhi ya dawa za sonona kama paroxetine na fluoxetine zinazuia hilo badiliko. Mgonjwa anameza vyote kwa uaminifu kumbe kimoja kinamfunga mikono mwenzake.

Sasa kaka yako. Mwambie apige simu tena ukoo mzima, awarudishe. Gredi na hatua ni vitu viwili. Gredi ni sura ya seli chini ya hadubini, zimeharibika kiasi gani ukilinganisha na seli za kawaida na zinagawanyika kwa kasi gani, inaanzia 1 inaishia 3. Hatua ni ugonjwa umefika wapi, ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, viungo vya mbali, hiyo inakwenda mpaka 4. Uvimbe wa sentimita 2.3 kwapani hamna kitu, kwa hesabu ya sasa hiyo ni mwanzo wa hatua ya pili. Nasema ya sasa kwa sababu ile ya uhakika inakuja baada ya oparesheni, tezi zikishaangaliwa. Gredi 3 sio habari ya kuchekelea, inamaanisha ni kasi, ila sio hukumu aliyoitangaza.

HER2. Ni protini inayokaa juu ya seli, maabara wanaipaka rangi wanatoa alama. 0 na 1+ ni hasi. 3+ ni chanya. 2+ maana yake rangi haijasema ndio wala hapana, kwaiyo wanakwenda kuhesabu jeni lenyewe kwa kipimo cha FISH. Na hapa naomba umsomee kaka kwa sauti: ikitoka chanya mpango mzima unaweza kupinduka. Kuna dawa ya kulenga HER2, trastuzumab, iko sokoni tangu 1998, imebadilisha kabisa maisha ya hawa wagonjwa, na kwa uvimbe uliozidi sentimita 2 madaktari wengi wanaanza na dripu KABLA ya kukata ili uvimbe usinyae na waone dawa inafanya kazi au haifanyi. Ukikata kwanza kwa sababu ya kukosa subira hiyo nafasi ya kuona imeondoka. Uvimbe wa sentimita 2.3 haukuota wiki iliyopita, umekaa humo muda mrefu, wiki ya kusubiri jibu sahihi haiwezi kuwa ndo iliyomharibia. Shirika la Afya Duniani lengo lake ni uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 toka mgonjwa afike hospitali mara ya kwanza, nyie mko ndani ya muda. Ila fuatilieni. Mtu wa daftari apige simu maabara kila baada ya siku mbili, kuna majibu yanakaa tayari kwenye droo kwa sababu hakuna aliyeyaulizia.

Sasa swali lako la "zinakuwaje sawa". Zamani titi lilikatwa pamoja na misuli ya kifua na kila kitu kwapani, daktari wa upasuaji anaitwa Halsted ndo alieneza hiyo miaka ya 1890, ikatawala karibu karne nzima kwa imani kwamba ukikata zaidi unapona zaidi. Akaja daktari mmoja Mmarekani, Bernard Fisher, mwaka 1976 wakaanza utafiti wakagawa wanawake zaidi ya 1,800, wengine titi lote, wengine uvimbe tu, wengine uvimbe na mionzi. Wakawafuata miaka 20, Italia nao Veronesi akafanya wa kwake, matokeo ya miaka 20 ya wote wawili yakatoka 2002: idadi ya waliobaki hai haikutofautiana. Hiyo ndo "sawa" ya daktari wako, sawa kwa uhai. Ila sikiliza hapa vizuri. Kwenye huo wa Fisher, waliotolewa uvimbe BILA mionzi, ugonjwa uliwarudi kwenye titi lilelile asilimia 39, waliopigwa mionzi ni 14. Kwaiyo njia ya kutoa uvimbe ni kifurushi, huchukui nusu. Kama mnajua kabisa mama hataweza kwenda mionzi kila siku jumatatu mpaka ijumaa kwa wiki tatu hivi (sehemu nyingi sasa ni mara 15, kuna wanaofanya hata 5), sababu ya umbali au hela au hamna wa kumpeleka, semeni mapema, hapo kukata lote kunaweza kuwa ndo busara, maana uvimbe mdogo na tezi safi mara nyingi ukitoa titi lote mionzi haihitajiki.

La dada yako la yote mawili: kutoa titi lisilo na ugonjwa hakumwongezei mtu maisha, labda awe amerithi hitilafu kwenye jeni kama BRCA1 au BRCA2. Kwenu kuna bibi, shangazi, mama mdogo aliyepata titi au ovari? Kama wapo hilo mlipeleke kwa daktari. Kama hawapo, usingizi wenu msiununue kwa mwili wa mama.

Mtoto wa Mshua:

Nesi umemaliza kila kitu mi nachomekea tu.

Kwangu ilikuwa baba. Ndio, baba, titi. Watu wanacheka mpaka leo nikisema, wanaume ni kama mmoja kwenye kila wagonjwa mia au pungufu ila wapo. Mshua alikuwa na kitu kigumu nyuma ya chuchu zaidi ya mwaka, chuchu imeingia ndani, akawa anavaa fulana mbili. Mama ndo kagundua akifua, kakuta doa la damu dogo kama sarafu, kila fulana sehemu ileile. Mzee kasema kajikwaruza. Wiki nzima kajikwaruza palepale.

Siku ya kwanza kliniki tumekaa kwenye benchi wanawake watupu, nesi anaita jina la mshua anamwangalia mama, mama ananyoosha kidole kwa mshua. Wakampa fomu. Swali la tatu: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini. Mzee kavaa miwani kafikiria kweli kweli akaandika "bado naisubiri". Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka toka tumepata majibu, na mi nakwambia kuanzia hapo ndo akaanza kuongea. Kabla ya hapo alikuwa jiwe.

Kuhusu kuamua, sie makosa yetu ni kwamba tuliingia kwa daktari watu sita. Sita!! Daktari anaongea na sisi, mshua kakaa pembeni kama mtoto aliyeletwa na wazazi. Mara ya pili daktari (mwanamke mdogo hivi, mkali) katutoa wote, kasema mzee abaki na mtu mmoja atakayemchagua yeye. Kachagua mama. Hatukumuelewa yule daktari ila sasa hivi namuelewa.

Na hilo la kurithi nyie wanaume msilipuuze, mshua alikutwa na BRCA2, ikabidi na sisi watoto tupimwe, mimi ninayo, dada yangu mmoja anayo. Inapita kwa baba kama inavyopita kwa mama.

Kitindamimba:

Jamani asanteni nimesoma nimerudia. Kaka nimemsomea ya gredi, kakaa kimya muda mrefu halafu kaniuliza "sasa nawaambiaje watu?" nikamwambia hilo jipu lako la kutumbua mwenyewe.

Mama bado sijamwambia. Nimeingia chumbani kwake mara mbili nimetoka. Ninachoogopa ni hilo "amueni nyie", nikimwambia akarudia hilohilo nitafanyaje?

Bi Salama:

Mwanangu, mimi ndo mama mwenyewe kwenye hii habari. Nilikatwa titi la kulia nikiwa na miaka 58, huu mwaka wa sita. Nimesoma yote mliyoandika nikaona niseme upande wetu maana hapa wanaongea watoto tu.

Wangu walikuwa wananong'ona. Nikiingia sebuleni kimya, mmoja anaanza kuongelea mvua. Unajua mtu anavyojisikia akiwa habari ya nyumba yake mwenyewe inasimama akiingia? Nilijua ni saratani kabla ya daktari, nilijua siku ile kwenye kioo, nikinyanyua mkono ngozi inabonyea ndani kama imeshonewa na uzi. Nikawa nawasubiri waniambie, wao wananisubiri nisijue. Tukapotezeana wiki tatu.

Nikaulizwa unataka nini nikajibu kama mama yako, amueni nyie. Nikwambie maana yake kwangu ilikuwa nini. Sio kwamba sina la kusema. Ni kwamba hela ni zenu, gari ni lenu, ruhusa kazini mnaomba nyie, sasa mimi nitasimamaje niseme nataka hiki, kikiwa ndo kile cha gharama? Nikawa najitoa kwenye hesabu ili nisiwe mzigo. Mpaka binti yangu mdogo alipobadilisha swali. Hakuniuliza tena nataka oparesheni gani, kaniuliza "mama katika haya yote unaogopa nini zaidi?" Nikasema naogopa kila nikiamka niliguse lile titi nilitafute kama limerudi. Basi, hapo ikajulikana, mimi wa kutoa lote, ingawa daktari alisema linaweza kubaki na watoto walitaka libaki. Wengine ni kinyume, kuna mwenzangu tulilala naye wodi moja yeye alisema bora nife na vyangu viwili, kaenda mionzi yake yote na yupo, tunapigiana simu.

Muulize mama anaogopa nini. Unaweza ukashangaa jibu.

Mengine madogo: siku ya pili baada ya oparesheni nimekojoa mkojo wa bluu nikapiga kelele, kumbe ni ile rangi wanayochoma kutafuta tezi ya kwanza kwapani, hakuna aliyeniambia. Na titi la pamba: nilijaza pamba kwenye sidiria nikaenda kwenye shughuli ya watu, nakaa nainuka, mwisho titi liko karibu na shingo, mjukuu ndo kanistua. Tafuteni lile lenye uzito wake, linatulia.

MamaWawili:

Bi Salama umeniliza halafu umenichekesha hapohapo shikamoo mama yangu 😭

Nesi wa Zamu:

Shikamoo Bi Salama. Rangi ya bluu kweli tunasahau kusema, samahani kwa niaba ya wenzangu.

Kitindamimba naongezea moja tu la mbele, kama itakuja kuwa kemo, yaani dripu za dawa za kuua seli za saratani. Nunueni kipimajoto kabla ya dripu ya kwanza. Homa ikifika 38 wakati yuko kwenye kemo hamna kusubiri asubuhi, hamna kumpa paracetamol kwanza mwone, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku, na mkifika sema neno kemo pale mlangoni kabisa. Chembe nyeupe zinashuka sana kwenye wiki ya pili hivi, mwili hauna askari. Nimeona watu wanaovumilia saratani vizuri kabisa wakaondoka kwa homa ya siku moja. Na dawa nyekundu ikitumika mkojo utakuwa mwekundu siku hiyo, sio damu, nimesema mapema nisije nikalaumiwa tena.

Kitindamimba:

Narudi baada ya siku kumi na moja, samahani kwa ukimya.

Nimemwambia. Nilifanya kama MamaWawili alivyosema, nikakaa kwenye kile kigoda cha wateja wake, nikamuuliza unadhani ni nini. Hakuacha kushona. Kamaliza mshono mpaka mwisho, kakata uzi kwa meno, ndo kasema "si ile ya mama Rehema". Mama Rehema ni jirani alishafariki. Nikasema ndio ni ile ila yako imewahiwa. Akatikisa kichwa akachukua kitambaa kingine. Nililia mimi, yeye hakulia.

Kesho yake nikamuuliza swali la Bi Salama. Unaogopa nini zaidi. Wote tulikuwa tumejiandaa kwa kufa, kwa titi, kwa nywele. Kasema MKONO. Kasema mama Rehema walimtoa matezi mkono ukavimba kama gogo, hakuweza hata kubeba ndoo, "mimi mkono huu ndo unaongoza kitambaa, ukivimba nyie mtanilisha ila mimi nitakuwa nimekufa tayari". Watoto wanne, ripoti kurasa tano, vikao vya usiku kwenye simu, hakuna hata mmoja aliyewaza mkono.

Tukaenda kwa daktari yeye na mimi tu (kaka kabaki kwenye gari, kanuna). Swali la kwanza kauliza mwenyewe, mkono. Daktari kavuta kiti. Kamweleza kwa kuwa kwapani hakuonekani kitu hawaanzi kwa kutoa matezi yote kama zamani, wanachoma hiyo rangi ya bluu wanatafuta tezi moja au chache za kwanza ambazo ugonjwa ungepitia, zikiwa safi zinazobaki wanaziacha, na hapo uwezekano wa mkono kuvimba unashuka sana ingawa hauishi. Mazoezi ya bega anaanza mapema. FISH nayo ilikuwa imetoka, hasi. Kwaiyo hamna ile dawa ya HER2, wanaanza na oparesheni, kemo wataijadili tezi na uvimbe vikishapimwa, vidonge vya homoni hivyo uhakika kwa kuwa ER na PR ni chanya, miaka mitano kwa kuanzia.

Titi je. Kauliza mionzi ni siku ngapi, daktari kasema 15. Kacheka! Kasema nimeshona sare za shule nzima siku nyingi zaidi ya hizo na sikulala, litoe hilo jiwe titi uniachie. Imeisha. Dada kanuna, kaka kanuna, mi nimelala usiku ule mpaka saa tatu asubuhi.

Oparesheni alhamisi. Tubebe nini?

Bi Salama:

Shati la vifungo mbele, mkono hautanyanyuka kuvaa kwa kichwani. Mto mdogo wa kuweka kwapani kwenye gari wakati wa kurudi, mkanda wa gari unaumiza. Na asibebe mkoba kwa upande huo.

Mtoto wa Mshua:

Sisi mshua alikuwa na mrija wa kutoa maji ubavuni na kichupa chake, kila akitembea kinaning'inia kinamvuta, kikanasa kwenye kitasa cha mlango. Tafuteni pa kukiweka.

Nesi wa Zamu:

Kwa aliyetolewa uvimbe tu na tezi moja mbili mara nyingi mrija hawauweki, huo ni zaidi kwa waliotolewa titi lote. Ila ulizeni daktari wenu. Chaji ya simu isisahaulike, na daftari.

Kitindamimba:

Nimemsomea hayo majibu ya shati na mrija. Muda huu naandika cherehani inalia chumba cha pili, kashamaliza mashati mawili ya vifungo na kashonea mfuko kwa ndani wa kuwekea kichupa. Nikamwambia nesi kasema huenda mrija usiwepo. Kasema haidhuru, atampa wa kitanda cha pili.